Wakala wa faiba anasubiri saini yangu, na mume wangu hajui

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na shukrani kwa subira unayoionyesha kwa wanaokuandikia. Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu, lakini sikudhani kwamba siku moja ningeshika kalamu kwa sababu ya intaneti ya nyumbani, jambo ambalo wengi wataliona dogo. Kwangu limekwisha kukua, kwa sababu limenifikisha mahali pa kumficha mume wangu kitu, na katika miaka 12 ya ndoa yetu sikuwa na mazoea hayo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Tangu miaka miwili iliyopita ninafundisha kwa njia ya video nikiwa nyumbani, wanafunzi watano au sita kwa kipindi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili na nusu usiku. Kazi ya mume wangu ilipopungua, masomo haya ndiyo yaliyobeba kodi ya nyumba na karo ya watoto wetu wawili. Tunaishi pia na mama mkwe wangu, pamoja na mdogo wake mume wangu, yaani shemeji yangu, kijana mwerevu anayependa vifaa na anayejua kuvieleza.

Intaneti yetu inatoka kwenye ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Mume wangu aliinunua mwenyewe, akaiweka sebuleni ndani ya kabati la runinga ili watoto wasiichezee. Mimi hufundishia katika chumba cha mwisho cha korido, kwa sababu ndicho chenye utulivu. Kati ya chumba hicho na kabati kuna kuta mbili za matofali na mlango. Mchana mambo huenda vizuri. Usiku ndipo aibu inapoanza.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa katikati ya kueleza jinsi ya kutafuta eneo la pembetatu, nikaona nyuso za wanafunzi zimetulia kupita kiasi. Nilizungumza peke yangu kwa karibu dakika mbili. Picha iliporudi, mwanafunzi mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, uliganda ukiwa umefumba jicho moja." Wenzake wakacheka. Nilibeba kompyuta nikahamia sebuleni, nikakaa sakafuni karibu na kabati, nikafundisha dakika 40 zilizobaki huku runinga ikitangaza mpira, na huku shemeji, aliyekuwa ametoka harusini jioni hiyohiyo, akimsimulia mama yake mambo ya bibi harusi. Mzazi mmoja alimwondoa mtoto wake kabla wiki haijaisha.

Tangu usiku huo nyumba imegawanyika. Shemeji anasema dawa ni faiba, yaani intaneti inayoletwa hadi nyumbani kwa uzi wa kioo, tena kifurushi cha kasi ya megabiti 500 kwa sekunde, na amekwisha kunikutanisha na wakala mwenye mkataba wa miezi 24. Mume wangu anasema ruta tuliyo nayo inatosha, tuongeze tu kifurushi cha data, na anakumbusha kwamba nyumba hii ni ya kupanga na mkataba wetu wa upangaji umebakiza miezi 11. Jirani tunayepakana naye ukuta amesikia mabishano yetu, akajitolea kutupa nenosiri la Wi-Fi yake ya faiba ili tuchangie nusu kwa nusu. Mama mkwe hataki hata hiyo tuliyo nayo. Anaamini kwamba mionzi yake ndiyo inayomletea maumivu ya kichwa, na kila usiku kabla ya kulala huichomoa kwenye umeme.

Nilijaribu kupima kasi kwa simu yangu. Sebuleni mchana nilipata megabiti 31, na chumbani kwangu saa mbili usiku nilipata 5. Namba nyingine zilizotokea pembeni sikuziandika.

Siri yangu ni hii. Wakala alipopiga simu mara ya nne nilimtumia nakala ya kitambulisho changu, nikamwambia kwamba nitatia saini mwisho wa mwezi. Kila ninapotaka kumweleza mume wangu, naona kwamba atafikiri kuwa kwa sababu sasa mimi ndiye ninayelipa, basi mimi na mdogo wake ndio tunaoamua. Je, nitie saini kisha nimweleze akishaona mambo yamenyooka? Au nirudi nyuma na kuendelea kuganda mbele ya watoto wa watu?

Wako,
Mwalimu Aliyeganda

Mshauri anajibu:

Mwalimu, dada yangu,

Pole kwa usiku ule wa sakafuni. Anayefundisha huku amekumbatia kompyuta kando ya runinga yenye kelele, asiache kipindi hadi saa yake iishe, hana la kuona aibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na penseli mkononi, kwa sababu umeacha ndani yake dalili kadhaa ambazo wewe mwenyewe umezipita haraka.

Kama nimekuelewa vizuri, unayo mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni kazi yako, inayohitaji intaneti isiyokatika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu usiku, siku zote za vipindi. La pili ni nani mwenye neno katika nyumba ambamo mapato yamehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Umeniuliza kuhusu saini, na swali hilo linagusa yote mawili, lakini naomba tuyafungue moja moja, tukianza na la kwanza, kwa kuwa nadhani likieleweka litalipunguzia la pili uzito.

Watu wote katika nyumba yenu wanabishana juu ya huduma ipi inunuliwe. Sijaona katika barua yako aliyeuliza intaneti mliyo nayo inapotelea wapi. Data ya somo lako husafiri safari mbili: ya kwanza kati ya mnara wa simu na ruta, ya pili kati ya ruta na kompyuta yako. Anayeuza faiba anatengeneza safari ya kwanza tu. Vipimo ulivyoniletea vinasema 31 sebuleni mchana na 5 chumbani usiku. Mwanafunzi wako angekuletea jaribio la namna hii ungemrudishia daftari, maana umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, mahali na saa, na kwa hiyo zile megabiti 26 zilizopotea zinaweza kuwa zimemezwa na kuta za nyumba yako, au na msongamano wa jioni kwenye mnara ambao watu wote wa mtaa wanauchangia, au na vyote viwili kwa mafungu tofauti. Kama ni kuta, basi hata faiba ya megabiti 500 ikifungwa ndani ya kabati lilelile itafika kwenye meza yako ikiwa imechoka. Kama ni mnara, basi hata ukiihamisha ruta na kuiweka juu ya meza yako, saa mbili usiku itabaki kuwa saa mbili usiku.

Nakuomba upime upya, kwa siku nne au tano, sebuleni na chumbani, mchana na usiku, na ikiwezekana uchomeke kompyuta kwenye ruta kwa waya angalau mara moja kila upande wa siku, kwa sababu kipimo cha waya ndicho kinachoonyesha huduma yenyewe kabla Wi-Fi haijaigusa. Uandike namba zote tatu. Ile uliyoiandika ni kasi ya kupakua. Iliyo kando yake ni kasi ya kupakia, na ya tatu, inayohesabiwa kwa milisekunde, ni muda ambao ujumbe mdogo huchukua kwenda na kurudi. Mtu anayetazama filamu hupakua tu. Wewe unayefundisha unaituma sura yako, sauti yako na ubao wako kwa wanafunzi, kwa hiyo namba uliyoiacha pembeni ndiyo inayokuhusu zaidi.

Hapa narudi kwenye dalili moja uliyoitaja kwa kupita tu: usiku ule shemeji alikuwa ametoka harusini. Simu nyingi za siku hizi hungoja zifike kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kisha zikaanza kupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kumwuliza mwenyewe. Tufanye hesabu, kwa kuwa ni lugha yako. Picha 60, kila moja ikiwa na megabaiti 4, ni megabaiti 240. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo ni megabiti 1,920. Kama ruta yenu inaweza kupakia megabiti 4 kwa sekunde, picha hizo zitaijaza njia ya kutokea kwa sekunde 480, yaani dakika 8 kamili, na katika dakika hizo sauti yako inapanga foleni nyuma ya bibi harusi. Video moja ya ngoma ingechukua muda mrefu zaidi. Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa, wala sitaki uende kumshtaki kijana wa watu. Nasema tu kwamba jambo hili linapimika kwa jioni moja: waombe wote wazime upakiaji wa picha wakati wa vipindi, uone. Ruta nyingi pia huwa na mpangilio wa kuipa kompyuta moja kipaumbele, nao haulipiwi chochote.

Kuhusu kabati, mume wako aliwaza watoto, na hilo ni la baba mwema. Ila Wi-Fi haipendi kufungiwa. Mgongo wa runinga una chuma, na chuma huyazuia mawimbi. Ruta iliyo chini na ndani huyatuma kwenye miguu ya viti. Ruta nyingi hutangaza masafa mawili, yaani aina mbili za mawimbi ya redio. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole, na ndiyo yanayogombaniwa na ruta za majirani pamoja na tanuri la maikrowevu. Ya gigahezi 5 yana kasi, ila matofali huyachosha mapema, na kuta mbili si haba. Ruta ikipandishwa juu ya rafu kwenye korido, nje ya mikono ya watoto, unaweza kuona tofauti siku hiyohiyo. Kuna ugumu mmoja tu: ruta ya laini ya simu inataka kuwa karibu na dirisha linaloelekea mnara, ilhali Wi-Fi yake inataka kuwa katikati ya nyumba, na matakwa hayo mawili mara nyingi hayapatani. Ndiyo maana mimi, kwa mtu anayekaa meza moja kila jioni kwa kazi inayomlipa, huanza na kitu cha kizamani, yaani waya. Waya wa mtandao wa kawaida unaweza kufika meta 100 bila kuhitaji kifaa cha katikati, na korido yako haifiki robo ya hapo. Unapita pembeni mwa ukuta, hautoboi kitu, na mkihama mnauzungusha mkaondoka nao. Vile vifaa vidogo vya kurudia mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi huwavutia wengi, lakini vingi kati yake hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale, hivyo kasi hupungua karibu nusu njiani.

Sasa tuje kwenye kila pendekezo, nikianza na la mume wako, kwa sababu naona limehukumiwa mapema. Yuko sahihi kuhusu miezi 11 na miezi 24. Tofauti ya miezi 13 ni deni linaloweza kuwafuata hadi nyumba ambayo huenda faiba haifiki. Yuko sahihi pia kwamba huhitaji mengi. Kipindi cha video chenye picha safi hutumia takriban megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande, na hata mkiongeza runinga yenye picha kali kabisa na simu za watoto, nyumba yenu ingetoshelezwa na sehemu ndogo ya zile 500. Pale anapoweza kuwa anakosea ni kwenye kuongeza kifurushi. Kifurushi kikubwa huongeza wingi wa data, hakiongezi upana wa njia, na kama mnara wenu umejaa saa mbili usiku mtakuwa na data nyingi zaidi ya kungoja nayo foleni. Isipokuwa, bila shaka, kama data yenu huisha na kampuni ikawapunguzia kasi kuelekea mwisho wa muda wa kifurushi. Hilo nalo litaonekana kwenye daftari lako la vipimo.

Shemeji naye ana hoja. Faiba husafirisha data kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, haisumbuliwi na mvua wala mawimbi ya jirani, na muda wake wa kwenda na kurudi ni mfupi na hautikisiki sana, jambo ambalo mwalimu wa video hulihisi kuliko kasi yenyewe. Ila usiambiwe kwamba ni yako peke yako. Katika mtindo ulioenea sana, uzi mmoja wenye uwezo wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na neno "hadi" lililo mbele ya zile 500 limewekwa kwa makusudi. Muulize wakala, tena kwa maandishi, kasi ya kupakia ni ngapi, kwa kuwa vifurushi vingine hutoa upakiaji ambao ni sehemu ndogo tu ya upakuaji. Uliza bei itakuwa ngapi msimu wa ofa ukiisha, ada ya kuvunja mkataba huhesabiwaje, mkihama huduma inahamishika au inaanza upya, ruta ni mali ya nani, na je, kipo kifurushi kidogo zaidi au mkataba wa mwezi kwa mwezi hata kama gharama ya kufungiwa ni kubwa kidogo. Wakala aliyepiga simu mara nne anaweza kupiga ya tano kujibu hayo. Uliza pia kama mwenye nyumba atakubali ukuta utobolewe. Ruhusa hiyo ni yake, na kampuni haiwezi kukuombea.

Kwa upande wa jirani, moyo wake ni mzuri na sitaki kuupuuza. Mikataba mingi ya huduma za nyumbani hukataza kugawa nje ya nyumba moja, na likitokea lolote, anayetafutwa ni aliyetia saini, yaani yeye. Majina na sura za watoto wa watu zingepita kwenye ruta ambayo huitawali. Tena ukuta mmoja zaidi unaongezeka juu ya zile mbili ulizo nazo. Naona nafasi yake kama msaada wa dharura: kwa mfano, kukuruhusu upime kwake jioni moja, ukiwa umeketi karibu na ruta yake, ujue faiba ya mtaa wenu inafanyaje saa mbili usiku. Hicho ni kipimo ambacho hakuna wakala atakayekupa.

Dishi la setilaiti hukulitaja, na kama faiba inafika mlangoni kwako sioni sababu ya kulitafuta. Setilaiti za zamani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na umbali huo huchelewesha mazungumzo kwa zaidi ya nusu sekunde kila ujumbe unapokwenda na kurudi; mpya zinazozunguka kilomita mia kadhaa tu kutoka ardhini zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, lakini ni za kufikiria pale njia nyingine zinapokosekana.

Mama mkwe wako nisimwache nyuma. Mawimbi ya Wi-Fi ni mawimbi ya redio ya nguvu ndogo, hayana uwezo wa kung'oa elektroni kwenye atomi kama mionzi ya eksirei, na simu anayoiweka sikioni iko karibu naye kuliko ruta. Lakini mzee hashindwi kwa fizikia, na maumivu yake ni ya kweli. Kichwa kinachouma mara kwa mara kinastahili daktari. Tukiiachia ruta lawama yote, hakuna atakayempima shinikizo la damu wala macho. Wakati huohuo, kama ruta itahamia korido, itakuwa imeondoka kwenye chumba anachokaa siku nzima, na huenda hilo likamtuliza kuliko maelezo yangu. Kuichomoa usiku si kosa kubwa, ila ruta nyingi hujisasisha saa hizo, na kukatiwa umeme katikati ya kujisasisha kunaweza kuiharibu. Kama ina swichi au mpangilio wa kuzima Wi-Fi yenyewe, mwonyeshe, iwe kazi yake rasmi.

Sasa ile kamba ya pili. Umeandika kwamba mume wako "atafikiri" kuwa wewe na mdogo wake ndio mnaoamua. Je, amewahi kusema hivyo, au umemsemea? Nauliza kwa upole, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye pekee aliyekumbuka mkataba wa upangaji. Mtu aliyesusa hakumbuki tarehe. Yawezekana kwamba anaposema "ruta inatosha" anaitetea ruta aliyoinunua wakati ule ambapo yeye ndiye aliyekuwa akilipa, na kwamba akiulizwa anaogopa nini kuhusu faiba, jibu lake halitakuwa faiba. Yawezekana pia kwamba unalolihofia ni kweli na atakasirika. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ukitia saini kwanza na kumweleza baadaye, faida yake ni kwamba utakuwa na intaneti mapema, na huenda kimya kikapita bila tufani. Hatari yake ni kwamba fundi huja na ngazi na waya, hawezi kufichwa, na siku hiyo mume wako ataujua mkataba kupitia mgeni, pengine kupitia mdogo wake. Ukimweleza kwanza, unaweza kuchelewa, na unaweza kukuta anapinga zaidi kwa sababu nakala ya kitambulisho imekwisha kwenda. Kuna njia ya katikati ambayo naiona ina unyenyekevu wa pande zote: umwombe akusaidie kupima. Wewe ukae chumbani na daftari, yeye awe sebuleni na ruta yake, mfanye jioni tatu. Namba hazina mdogo wala mkubwa, na zikisema mnara ndio uliojaa, atakuwa amelisikia kutoka kwa ruta yake mwenyewe. Zikisema ni kuta, utakuwa umeokoa miezi 24. Katika mazungumzo hayo, neno la kitambulisho litapata mahali pake, na nadhani ni vyema litoke kinywani mwako.

Kuhusu kitambulisho chenyewe, nakala si saini, lakini mwandikie wakala leo ili athibitishe kwamba hakuna ombi lililofunguliwa kwa jina lako, maana baadhi ya kampuni huchukua "ndiyo" ya simu kama kibali. Sheria za nchi nyingi humpa mteja siku chache za kughairi mkataba aliofunga kwa simu au mtandaoni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ni siku 14. Tafuta sheria ya kwenu inasemaje kabla ya mwisho wa mwezi.

Na ikitokea kwamba nyote mmeafikiana kuleta faiba, yako mambo machache ya siku ya kwanza. Badilisha nenosiri la Wi-Fi na pia lile la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, kwa kuwa ni mawili tofauti na watu wengi husahau la pili. Kwenye mipangilio hiyo, chagua ulinzi wa Wi-Fi unaoitwa WPA3, au ule uliotangulia, WPA2, kama vifaa vyenu ni vya zamani. Wageni, pamoja na jirani akija kunywa chai, wapewe mtandao wa wageni. Ule uzi wa kioo usikunjwe kwa pembe kali nyuma ya kiti, kwa sababu mwanga huvuja kwenye kona. Kumbuka pia kwamba kisanduku cha faiba na ruta vyote vinakula umeme, hivyo umeme ukikatika na faiba hunyamaza, labda uwe na betri ndogo ya akiba. Ile ruta ya mume wako, kama ina betri yake, isitupwe, ibaki kwenye droo ya meza yako ikiwa na data kidogo ya kumalizia kipindi.

Mafundi wengi hufunga kisanduku mahali palipo rahisi kwao, yaani karibu na mlango au nyuma ya runinga. Basi akifika, kabla hajatoa kekee, mume wako na amtembeze hadi mwisho wa korido, amwonyeshe meza unayofundishia.

Wako katika mema,
Mshauri